Posa na Ule Mguu wa Fainali

Kwetu, anayetaka kuoa ndiye mtu asiye na kazi siku ya posa. Wazee ndio wanaokwenda, wazee ndio wanaosema, wazee ndio wanaokula visheti vya watu, na wewe unabaki mahali ukingoja kuambiwa kama una mke au huna. Mama alinieleza hivyo tangu sijaota ndevu, nami nikalipokea jambo hilo kwa furaha, maana kusema mbele ya watu wazima kunanitoa jasho hata mwezi wa theluji. Kunyamaza naweza. Kutojitia ujuzi ndiko sikujaliwa.

Binti niliyemtaka anafanya kazi kwenye duka la dawa, pale mtaa wa soko Walthamstow. Mimi nahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee upande wa Tottenham, na moja ya kazi zangu ni kuwafuatia dawa zao. Duka la dawa la karibu liko ng'ambo ya barabara, unaliona dirishani. Mimi nilikuwa napanda treni kwenda lile la mbali. Msimamizi wangu aliponiuliza kwa nini, nikamwambia kule wana huduma nzuri, na hapo sikusema uongo hata kidogo.

Tulipokubaliana, mimi na yeye, akanipa habari mbili. Ya kwanza ilinikata miguu: kuna ukoo wa Slough, jamaa wa mbali wa baba yake, wamekwisha kupiga simu kwamba wana neno, na watakuja Jumapili ya mwisho wa mwezi. Kijana wao ni mhasibu. Ana nyumba, na ana gari linalojiegesha lenyewe. Mimi nina kadi ya basi. Habari ya pili ilinipa matumaini, na hapo ndipo nilipoharibikiwa. Alisema baba yake hakai na mgeni akamaliza kikombe cha kahawa bila kuitaja fainali.

Si fainali ya mpira huu wetu wa miguu. Ni ya mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba mkononi, wanaume wamevaa kofia ngumu zenye vyuma usoni na mabega mapana kama kabati la vyombo. Baba yake aliwahi kuishi Marekani ujanani kabla ya kuhamia London, na huko alipata baridi yabisi ya goti na mapenzi ya timu moja iliyovaa buluu. Fainali moja ya zamani, Buluu waliwapiga Wekundu katika pumzi ya mwisho, na mzee hajapona mpaka leo. Ana mkanda wake. Anao kwenye televisheni, anao kwenye simu, na nasikia sauti ya mtangazaji anaiigiza bafuni.

Sasa, kwetu haifai kuposa juu ya posa ya mwenzio. Neno la kwanza likishatua, wa pili hukaa pembeni mpaka wa kwanza ajibiwe. Kwa hiyo jambo langu lilikuwa jepesi. Mshenga wangu atangulie wiki moja kabla ya Slough, avue viatu, aketi, aseme maneno yale machache, basi. Mtoto mdogo angeweza. Lakini mimi ni mtu wa ndoto. Sikutaka posa isemwe tu, nilitaka ipendwe. Nikajiona tayari nimeketi na baba mkwe, mikono mabegani, tukishangilia Buluu. Nikaamua mshenga wangu afundishwe fainali.

Mshenga alikuwa mjomba wangu, kaka yake Mama, aliyenilea baada ya baba kufariki. Ni fundi cherehani, ana kibanda cha kupunguza suruali za watu karibu na kituo cha treni. Mpira wa Kimarekani hakuwahi kuuona hata kwa bahati mbaya. Nikamwegeshea simu kwenye kopo la vifungo, nikawasha.

"Hawa wanacheza au wanapigana?" akauliza, mguu ukiwa kwenye pedali.

"Wanacheza, Mjomba."

"Mbona kila wakianza wanasimama?"

"Wanapanga."

"Wanapanga nini, harusi? Waoze tu tuondoke."

Nikamweleza yote, kwa sauti ya mwalimu, mimi niliyetoka shule na cheti cha kuhudhuria. Nikamweleza kwamba kuna mrushaji na kuna wadakaji, na kwamba kazi yote ni kuufikisha mpira mle mwisho wa uwanja. Nikamweleza pumzi ya mwisho: Buluu wako nyuma, saa inakwisha, mrushaji wao anakimbizwa kama mwizi wa kuku, anaurusha mpira mbali, kona ya kushoto. Mdakaji anapaa katikati ya mabeki wawili, anaudaka, anashuka. Ili ihesabiwe, lazima miguu yote miwili itue ndani ya mstari mweupe. Wa kulia ulitua ndani, hakuna ubishi. Wa kushoto ndio watu waliogombania miaka yote hii, ncha ya kiatu na chaki ya mstari. Marefa waliangalia, wakaangalia tena, wakasema ndani. Buluu mabingwa.

"Kwa hiyo ukifika kwa mzee," nikamwambia, "usifu huo mguu. Basi. Mguu mzuri, mguu wa kihistoria, umefika pazuri."

"Nimefahamu," akasema.

Hakufahamu. Au alifahamu kupita kiasi. Katikati ya wiki nilimkuta amevaa miwani mbili, moja juu ya nyingine, pua imegusa simu, na suruali za wateja zimelala mezani zinamngoja. Hakuitikia salamu yangu. Alinyoosha kidole kwenye kioo akasema polepole, kama daktari, "Hawa Wekundu wameonewa."

Nikacheka. Nikadhani ni mzaha. Hapo mtu mwenye akili angetafuta mshenga mwingine.

Jumapili ikafika. Mjomba akavaa kanzu iliyopigwa pasi ikasimama peke yake, akatia koti juu, akachukua sinia la visheti alilolifunga Mama. Wazee wengine wawili waliotakiwa wafuatane naye walikuwa kazini, London hii Jumapili ni siku ya kazi kama siku nyingine, kwa hiyo akaenda peke yake. Mimi nilitakiwa nikae nyumbani. Nikaenda kukaa kwenye duka la kufulia nguo linaloitazama nyumba yao. Ili nisionekane mhuni, nikabeba mashuka kutoka kitandani kwangu, masafi kabisa, nikayatia mashineni.

Binti alikuwa jikoni kwao na simu yake, akiniletea ujumbe.

"Kafika. Baba kafurahi."

"Wanakunywa kahawa."

"Mjomba wako kaitaja fainali mwenyewe!!"

Niliruka nikaikumbatia mashine. Mama mwenye duka akanitazama, nikaiachia.

Kisha ujumbe ukaja: "Baba kasimama." Ukafuata mwingine: "Mjomba wako naye kasimama." Halafu kimya.

Yaliyokuwa ndani nilisimuliwa baadaye na binti na Mjomba, kila mtu kwa wakati wake, na hawakupishana. Baba yake alianza vizuri tu, akijinyoosha kwenye kiti.

"Mimi fainali ile nilikuwepo, yakhe. Uwanjani."

"Mashallah," akasema Mjomba. "Ulikaa upande gani?"

"Jikoni. Nilikuwa naosha sufuria za wapishi wa uwanja. Basi mpira ule ulipodakwa, ukuta mzima ulitikisika. Sufuria zikaanguka kutoka rafuni, moja ikanipiga hapa. Nikajua tumechukua."

"Kwa hiyo mguu hukuuona."

"Mguu gani?"

"Ule wa kushoto," akasema Mjomba, akachukua kisheti. "Ulikuwa nje."

Mzee akaweka kikombe chini. Kisha sebule ikalipuka. Kahawa ikasogezwa, visheti vikapangwa juu ya meza, vya kulia Buluu, vya kushoto Wekundu, mpira ukawa tende. Mzee akarusha tende, Mjomba akaidaka, mzee akasema hivyo sivyo, beki alikuwa hapa, Mjomba akasema beki alikuwa hapa mpaka marefa wako walipompofusha. "Wewe ulikuwa na mapovu ya sabuni mpaka kwenye kiwiko, utajuaje?" "Na wewe umejua kama mchezo huu upo tangu lini, juzi?" "Tangu Jumatatu. Na Jumatatu ilinitosha kuona dhuluma." Magharibi ikawakuta hivyo.

Mjomba akatoka, akavuka barabara, akanikuta nimekumbatia mfuko wangu wa mashuka. Uso wake unang'aa. Sijawahi kumwona na uso ule tangu timu yake ya dhumna ichukue kombe la msikitini.

"Mzee mzuri sana yule!" akasema. "Mbishi, lakini mzuri. Jumapili ijayo kaniita tena. Anasema ana picha ya upande wa pili."

"Na posa, Mjomba?"

Akasimama. Akaivua kofia, akaitazama ndani yake. "Posa," akasema.

Nilimwambia arudi. Nyumba ile pale, taa zinawaka. Akakataa, na alikuwa na haki. Mshenga hawezi kugonga mlango tena akasema samahani, kuna kitu nilisahau, kitu chenyewe ni binti yenu. Hapo ameshamfanya mtoto wa watu mwavuli. Na kwa simu posa haisemwi, simu ni ya kuagiza piza. Hapakuwa na la kufanya ila kungoja Jumapili ya pili, nayo ilikuwa Jumapili ya Slough.

Mama alipoambiwa alikaa kitako sakafuni. "Nimemtuma mtu na neno, karudi na mpira," akasema. Kisha akamgeukia kaka yake. "Wewe tangu utoto. Ulitumwa mafuta ya taa ukarudi na njiwa."

"Yule njiwa alitaga," akajitetea Mjomba.

Wiki ile nilijaribu kumfundua yote niliyomfundisha. Haiwezekani. Mtu akishaona dhuluma haitoki machoni. Nilimbembeleza tu aseme posa kwanza, kabla hajaketi, kabla hata ya viatu, halafu wabishane mpaka Idi. Aliapa. Mama akasema atafuatana naye ili amfinye. Kazini nikawa natia sukari kwenye supu za wazee. Bibi mmoja ninayemlisha akaionja, akanipapasa shavu, akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia bado, Jumapili.

Jumapili yenyewe nikawa tena kwenye duka la kufulia, na mashuka yale yale. Mama mwenye duka alikuja mpaka nilipokaa. "Kijana," aliniambia kwa Kiingereza chake cha taratibu, "hayo mashuka yamekosa nini?" Nikamwambia nina mzio. Akaniletea chai bila kuniuliza tena.

Mjomba na Mama wakagonga. Mlango ukafunguliwa. Mjomba akainama kuvua viatu, akafungua kinywa kama alivyoapa, na kabla hajatoa herufi mkono wake ukadakwa na mtu mwingine kabisa. Alikuwa rafiki wa mzee kutoka Tooting, Mhindi wa Mombasa mwenye duka la masanduku, shabiki wa Buluu wa kufa na kuzikana. Mzee alimwita kuja kuongeza nguvu.

"Wewe ndiye unasema mguu ulikuwa nje?" akamvuta ndani na kiatu kimoja mguuni. "Ingia bana, ingia! Toka asubuhi tunakungoja wewe!"

Neno likarudi tumboni. Na Mama, ambaye ndiye aliyekuwa tegemeo langu, akapelekwa chumba cha nyuma na wanawake, kwa heshima zote na mto wa kuegemea. Hatukulifikiria hilo. Sote tuliozaliwa na kukulia kwenye desturi hizi, hatukufikiria kwamba mtu wa kumfinya mshenga atakaa nyuma ya ukuta.

Kwa hiyo akakohoa. Ujumbe ukaniambia: "Mama yako anakohoa sana. Mama kamletea maji ya tangawizi."

Sebuleni wanaume watatu wale walikuwa wameshazama kwenye mkanda wa fainali. Bwana wa Tooting akawa anakumbuka fainali alivyoitazama yeye, chumba cha juu cha duka lake, mkewe akiwa na mimba ya kwanza. "Robo ya tatu, uchungu ukamshika. Nikamwambia, mama, vumilia kidogo, robo ya nne inaanza sasa hivi."

"Akavumilia?" akauliza Mjomba.

"Akanirushia kiatu. Yule mrushaji wa Buluu hajawahi kurusha hivyo maisha yake yote. Hapa, ona, alama."

Baba wa binti alicheka mpaka akashika goti. Akakumbuka mpishi mkuu wa jikoni lile la uwanjani, jitu kubwa lenye masharubu, jinsi lilivyombeba yeye mzima mzima na aproni yake iliyolowa likazunguka naye, na jinsi alivyokuwa hana mtu wa kumpigia simu kumwambia tumeshinda, maana kila aliyemjua alikuwa Unguja na Unguja hakuna aliyekuwa akijua mchezo huo ni kitu gani. "Miaka yote nimetafuta mtu wa kubishana naye," akamwambia Mjomba. "Nimekaa na mashabiki wanaosema ndiyo, ndiyo. Huyu hapa ananiambia ndiyo tu," akamwonyesha wa Tooting. "Sasa Mungu kaniletea wewe, na wewe huoni."

"Naona," akasema Mjomba. "Ndiyo maana nakwambia."

Kengele ikalia. Ujumbe: "SLOUGH WAMEINGIA."

Mashine yangu ilikuwa inazungusha, na moyo wangu mle ndani pamoja na mashuka. Niliwaona kwa dirisha wazee wawili wa heshima, suti za kijivu, kikapu cha matunda kimefungwa utepe. Wakakaribishwa, wakaketi ukingoni mwa kochi, wakapewa kahawa. Wakaangalia televisheni kama watu wanaongoja namba yao hospitali. Kisha mkubwa wao akajikohoza kidogo.

"Bwana, sisi leo tumekuja na neno..."

"Kidogo tu, bwana wangu," baba wa binti akamwinulia kiganja. "Mpira unarushwa."

Nyuma ya ukuta Mama akakohoa kama trekta.

Mpira ukarushwa, ukapaa, na mzee akabonyeza kitufe, picha ikaganda pale pale, kiatu cha kushoto na chaki. Akasimama mbele ya televisheni na goti lake bovu.

"Haya," akasema, macho yake kwa Mjomba. "Mbele ya mashahidi na wageni wa Slough. Kubali kwamba mguu uko ndani, nami nitasikiliza neno lolote ulilokuja nalo."

Alijua. Binti yake aliniambia baadaye: alijua tangu Jumapili ya kwanza. Nani anavaa kanzu ya pasi na kubeba sinia kuja kuzungumza mpira? Alilingoja lile neno siku nzima, na Mjomba akaondoka nalo, na mzee usiku akamuuliza mkewe kama lile sinia lilikuwa la visheti tu.

Sasa niambie, wewe ungefanya nini? Mimi ningesema mguu ulikuwa ndani. Ningesema ulikuwa ndani mpaka nyonga. Ningeapa kwamba mtu mzima alikuwa ndani na jamaa zake. Slough walikuwa na vinywa nusu wazi. Mjomba akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanzu, akaivaa, akautazama ule mguu kwa mara ya mwisho.

"Mguu uko nje," akasema. "Na mtoto wa dada yangu anamtaka binti yako kwa ndoa."

Kwa pumzi moja. Hakuweka hata nukta.

Yule mkubwa wa Slough akashusha kikombe chake. Alikuwa mtu muungwana kuliko sisi sote. Akamtazama mwenzake, akatikisa kichwa taratibu, akasema, "Basi sisi tumekuja kutembea tu. Kahawa hii ina tangawizi? Niongezee."

Nikapata ujumbe: "KASEMA." Nikalia pale pale, mbele ya mashine, na mama mwenye duka akanishika bega akifikiri ni ule mzio.

Lakini posa kusemwa ni nusu. Ndani, mzee alikuwa amewaka.

"Unaposa kwangu na kunitukana kwa pumzi moja?"

"Hayo mawili hayahusiani."

"Yanahusiana! Mtoto umemlea wewe. Kama ana macho kama yako, wajukuu zangu watagonga kuta!"

"Muulize mwenyewe anaona nini. Ndiye aliyenifundisha."

"Yuko wapi?"

Binti yake akawa ameshaandika: "Njoo. Baba anakuita. SASA." Desturi ikafa hapo. Nilifungua mashine ikiwa haijakamua, nikayakumbatia mashuka yote kifuani maana sikuwa na akili ya kuyaacha, nikavuka barabara, nikaingia sebuleni kwa watu ninaotaka kuoa kwao nikichuruzika maji kama mtu aliyeopolewa kisimani.

Wazee watano wakanitazama. Nikawaamkia shikamoo wote kwa mpigo, pamoja na televisheni.

"Kijana," akasema baba yake. Hakusema karibu. "Mguu huu. Ndani au nje?"

Niliangalia kushoto, Mjomba, aliyenishonea kila suruali niliyowahi kuvaa. Niliangalia kulia, baba yake. Nikisema ndani, nimemfanya mjomba wangu mwongo mbele ya watu. Nikisema nje, mhasibu ataendesha gari lake mpaka hapa hata bila kulishika. Nikatafuta jibu la busara. Likatoka lililokuwapo.

"Sijui," nikasema.

"Hujui vipi? Si wewe mwalimu wake?"

"Nimeitazama mara nyingi, Mzee. Lakini mpira ukishakuwa hewani huwa nafumba macho."

"Unafumba macho?"

"Kuna yule beki wa Wekundu. Anageuka, anaruka, anachelewa kidogo tu, kidole. Halafu ule uso wake." Nikasikia sauti yangu inakatika, nami nimebeba mashuka. "Siwezi kuutazama. Nafumbua watu wakishaanza kushangilia."

Bwana wa Tooting akamgeukia mzee. "Huyu shabiki ama ni mfiwa?"

"Yaani," Mjomba akasema, akinikaribia, "umenitia kwenye vita hii kwa fainali ambayo hujaiona?"

"Nimeiona yote, Mjomba. Ila hapo."

"Ila hapo! Ni kama mtu kusema nimekula pilau yote, ila wali!"

Wakaangua kicheko, Slough nao, na nilipotazama nikamwona baba yake hacheki. Alikuwa anaiangalia ile picha iliyoganda. Si mguu. Alikuwa anamwangalia beki, pembeni, nusu yuko hewani, ambaye nadhani hakuwahi kumwangalia.

"Nilimwona huyu," akasema polepole. "Alipita mlango wa jikoni baadaye, wanapotokea wachezaji. Akaomba maji. Nikampa." Akaigusa picha kwa kidole. "Nilikuwa nimemsahau kabisa."

Kisha akaenda jikoni kumuuliza binti yake. Kwetu binti huulizwa, na akinyamaza ndiyo amekubali. Tukangoja huo unyamavu. Hatukuupata. Tulisikia sauti yake mpaka sebuleni, kwa Kiingereza, kama anavyomjibu baba yake siku zote, kwamba ndiyo, ndiyo tangu zamani, na kama yule mtu ana akili hata ya kuku atayatoa yale mashuka juu ya zulia la mama.

Mama akapiga kigelegele nyuma ya ukuta, kikachanganyika na kikohozi, maana koo lilikuwa limeshaharibika.

Mzee akarudi. "Kakubali," akasema. "Wewe, mashuka nje." Nikayapeleka bafuni nikarudi. Akanionyesha nafasi katikati ya kochi, kati yake na Mjomba. "Kaa. Kabla ya Fatiha utauona huo mguu. Na macho wazi."

Mjomba akanishika kichwa upande mmoja, baba mkwe upande wa pili. Bwana wa Tooting akarudisha picha nyuma. Mrushaji akakimbizwa, mpira ukaondoka, nami nikakodoa macho kama nilivyoamriwa. Nikamwona beki akigeuka. Nikamwona akichelewa. Machozi yakanijaa kabla mdakaji hajashuka, na ule mguu waliogombania ulipotua niliuona umekuwa miguu minne.

"Haya, sema!" wakapiga kelele wote wawili masikioni mwangu.

"Ilikuwa mizuri," nikasema. "Yote."

Mjomba akaniachia kichwa. Akamtazama mzee juu ya utosi wangu, kama fundi anayekabidhi nguo aliyoshindwa kuinyoosha.

"Mchukue tu," akamwambia. Wakainua mikono kusoma Fatiha.